Nyuzi za Bandi kwenye Koti la Mwigizaji

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Riyadh, Madam hakunitazama usoni. Alichukua gauni la majaribio nililolishona asubuhi ile, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Karibu na kiuno akakuta uzi mmoja mweupe, hauzidi urefu wa kucha. Akauvuta, akaulaza mezani mbele yangu, akasema maneno ambayo msimamizi alinitafsiria: "Nguo yenye bandi haitoki mlangoni kwangu." Halafu akaenda zake kunywa gahawa. Nilikuwa nimeshona miaka ishirini kwetu Kisauni, Mombasa, na siku ile nilijiona mwanafunzi.

Kwa nyinyi vijana ambao hamjashika sindano, bandi ni ule mshono mrefu, mlegevu, wa kushikiza kitambaa kwa muda kabla ya cherehani kupita. Hupigwa kwa uzi wa rangi nyingine ili uonekane, na kazi ikiisha hutolewa. Fundi mzoefu hafikirii anapotoa bandi. Vidole vinautafuta uzi vyenyewe, hata akiwa anapiga soga la harusi ya jirani. Madam alinitia tabia hiyo mpaka nikawa natoa bandi za wenzangu bila kuombwa, na wao wananikemea.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa wamejaa Mombasa, kila jengo la mjini lina kibao chao. Wengi walipelekwa kazi za nyumbani. Mimi nilikuwa na ufundi, kwa hiyo wakala akaniandika mshonaji. Akaniandika pia umri wa miaka thelathini na minane, nami nilikuwa na arobaini na minne. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, mimi nimefuata sura yako." Nikaacha ibaki hivyo, maana sikuwa nimesifiwa siku nyingi.

Duka la Madam lilikuwa mtaa wa Sulimaniyah. Mahali kama pale wenyewe huita mashghali, yaani ushonaji wa wanawake watupu: fundi mwanamke, mteja mwanamke, na mlangoni pazia zito ili mpita njia asione ndani. Dereva akileta vitambaa alibisha na kuviacha kizingitini. Madam ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini, ikama yangu ya ukaaji na ruhusa zangu zote zikipita mikononi mwake, kwa hiyo nilimwogopa kwanza na kumpenda baadaye. Alikuwa mkali wa mshono, lakini alikula nasi sinia moja, na ukishikwa na homa alikuletea maji ya tangawizi mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili alikuja mteja ambaye hakutaka gauni. Alikuwa Daktari Halina, Mpolandi, aliyefanya kazi katika hospitali moja kubwa ya pale mjini. Alitoa kwenye mfuko aliokuja nao koti kuukuu la kiume na kusema anataka koti jipya kwa kipimo kile, koti la mkuu wa stesheni ya reli la enzi za zamani, lenye vifungo vya shaba. Mumewe alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa sinema. Mume mwenyewe asingeweza kuingia dukani, na mimi sikuwa na ruhusa ya kwenda kumpima.

"Basi lipime koti," Madam akaniambia. "Koti linamjua kuliko mkewe."

Alisema kweli. Ukiligeuza koti lililovaliwa miaka mingi, linakueleza mwenyewe. Bitana, ile nguo laini ya ndani, ilikuwa imelika kwapani upande wa kulia, nikajua mkono huo ndio anaoutupa hewani anapozungumza. Sponji ya bega la kushoto ilibonyea, nikajua bega hilo liko chini. Viwiko viling'aa kwa kuegemea meza. Nikamshonea mtu nisiyemwona, na nakiri nilishaanza kumpenda kidogo.

Koti lilipokaribia kwisha, Madam alinipa ruhusa nifuatane na Daktari kwenda kampaundi, yaani mtaa wa wageni uliozungushiwa ukuta, ambako abaya unaivua ukishapita geti. Hapo ndipo nilipoonana na Bwana Tadeusz, ambaye kwa ulimi wangu alikuwa Tadeushi na akaridhika hivyo. Alikuwa mzee mrefu wa miaka kama sabini, nywele nyeupe, sauti nzito. Akalivaa koti, akanyoosha mikono, akainama, akaketi, akasimama. Tulizungumza Kiingereza changu cha shule na chake cha sinema, na penye pengo tukatia Kiarabu cha dukani.

"Nani alikwambia habari za bega langu?" akaniuliza.

"Koti lako."

"Lilikwambia na nini tena?"

"Kwamba unaongea sana kwa mkono wa kulia."

Akamgeukia mkewe. "Halina, huyu tusimwache arudi. Anajua mengi."

Ndivyo nilivyopata cheo changu cha pili, mvalishaji. Huyu ni fundi anayekaa kando ya jukwaa, pale nyuma ya pazia ambapo watazamaji hawamwoni. Humvika mwigizaji, humfunga vifungo, na kitu kikichanika hushona kikiwa mwilini. Madam alikubali niende kila Alhamisi alasiri, kwa sharti nimletee habari zote za Wazungu wale, nami nilimletea nyingi, nyingine nikiziongeza chumvi.

Wakati wa kumjaribisha nguo ndipo aliponihadithia kazi yake. Alianza akiwa kijana wa kushika mkuki, kusimama nyuma ya mfalme mchezo mzima bila kusema neno. Mkurugenzi wake wa kwanza wa jukwaa alimwambia, "Una mikono mirefu. Jifunze kuisahau." Ilimchukua miaka kumi. Baadaye akaingia sinema, na katika sinema nyingi alikufa mapema. Nilimuuliza raha gani kufa kila mara. Akasema, "Anayekufa mapema anafika nyumbani supu ikiwa bado ya moto."

Saudia alikuwa ameingia kwa ikama iliyofungamana na ya mkewe, na juu ya kadi iliandikwa kwamba haruhusiwi kufanya kazi. Alipenda kuwaonyesha wageni. "Wakosoaji wameniandikia hivi miaka arobaini," alisema. "Hii ndiyo serikali ya kwanza kukubaliana nao." Kwa hiyo michezo yake ilikuwa ya bure, mbele ya majirani, katika ukumbi wa kampaundi wenye jukwaa lisilofika magotini.

Tuligombana mara moja tu katika siku hizo za mwanzo. Karatasi za mchezo zilimponyoka, na kabla ya kuziokota akazikanyaga kwa kiatu, puu. Mimi nimelelewa kwamba maandishi hayakanyagwi, hata yawe ya gazeti la kufungia maandazi. Nikamwambia wazi kwamba ametenda vibaya. Akashangaa, akaeleza kuwa kwao karatasi za mchezo zikianguka ni lazima zikanyagwe, la sivyo mchezo nao utaanguka. Tukabishana mpaka Daktari akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Mwishowe tukapatana: zikianguka, yeye atavua kiatu na kuzigusa kwa ncha ya kidole, nami nitaangalia pembeni.

Mchezo wenyewe aliuandika yeye. Ulikuwa wa mtu mmoja, mzee wa stesheni ambako treni haisimami tena, naye bado anavaa koti lake kila asubuhi na kutoka kuipokea. Sikujua Kipolandi, lakini kwa kusikia kila Alhamisi nilijua milio yake yote, kama mtu anavyojua dua asiyoielewa maana. Na kwa kuijua, nikagundua kitu. Kulikuwa na mahali alipokuwa akifika na kusimama. Wiki hii hapa, wiki ijayo hapa na pale. Alisimama, akanitazama mimi niliyekuwa na pini mdomoni, macho yakiomba.

Alhamisi moja akafunga mlango. "Zuhura, maneno yananitoroka," akasema. "Niliyaandika mwenyewe, na yananitoroka. Halina asijue. Yeye ni daktari, ataniangalia kidaktari. Wapolandi wa Jeddah wameniomba niwachezee. Nataka nicheze huko mara moja, nikiwa bado mwigizaji, kabla sijawa mgonjwa."

Nilimhurumia mno. Na niwe mkweli, nilifurahi pia kwamba siri ile kaniachia mimi. Tukatengeneza hila. Yeye aliandika maneno ya kuanzia kila sehemu kwenye vipande sita vya utepe mweupe wa pamba, akavitia namba. Mimi nikavishikiza ndani ya mapindo ya mikono ya koti, vitatu kulia na vitatu kushoto. Akikwama angeinua mkono kama mzee anayetazama saa, asome, aendelee. Nilivishikiza kwa bandi, si kwa cherehani, kwa sababu mchezo ukiisha ilibidi vitoke kabla Daktari hajalitundika koti kabatini. Riyadh tulicheza hivyo mara mbili, na hakuna aliyeshuku. Daktari Halina alimbusu akamwambia amekuwa kijana.

Kwenda Jeddah nilihitaji ruhusa ya Madam. "Yalla, nenda," akasema, "lakini mkasi wangu urudi." Daktari na mumewe walifikia kwa wenyeji wao, nami nikalala Bani Malik, kwa Wanjiku, msichana wa Nakuru tuliyesafiri naye ndege moja wakati wa kuja. Alikuwa msafishaji hospitalini, akiishi na wenzake wanne kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Koti nililibeba mwenyewe, sikutaka lipondwe masandukuni.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mchezo, nililitia wanga, nikalipiga pasi juu ya kitanda cha Wanjiku huku akinieleza mambo ya mchumba wake wa Taif. Alipofika penye mahari akakatiza.

"Aki Mama Zuhura, si hizi nyuzi zinaonekana hapa kwa mkono? Watasema Wakenya hatujui finishing."

"Halas, nishaziona," nikasema. "Enhe, babake akasemaje?"

Na vidole vyangu, vile vilivyofunzwa Sulimaniyah, vikazivuta. Moja baada ya nyingine, kulia na kushoto, nikazitupa pamoja na vumbi. Sikuwaza chochote. Vile vipande vya utepe havikuanguka, kwa kuwa wanga na pasi vilikuwa vimevigandisha kwenye bitana, na koti likaonekana safi kabisa. Nikalikunja na kuteremka kutafuta teksi, nikiwa nimejiridhisha sana na kazi yangu.

Ukumbi wa Jeddah ulikuwa mkubwa kuliko wetu, na alasiri ile ulijaa. Daktari Halina aliketi safu ya mbele, kando ya Mwenyekiti wa klabu ya Wapolandi aliyetualika. Nikamvika Bwana Tadeusz, nikamfunga vifungo, naye akanigusa bega kama kawaida yake, akatoka. Nilipoinama kuokota brashi, nikaona sakafuni vipande vyeupe, sita, vimetawanyika pale alipoingiza mikono. Nikavikusanya na kusimama navyo nyuma ya pazia, nikiomba Mungu leo akili yake iwe timamu.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili akaimaliza vizuri, kisha akasimama. Akainua mkono wa kushoto kutazama saa. Akauangalia muda mrefu. Akainua wa kulia. Kisha akageuza kichwa taratibu kuelekea pazia, na nikaliona lile jicho la Alhamisi. Nikasoma utepe wa tatu, nikamnong'onezea. Hakusikia. Nikanong'ona tena. Watu wakaanza kujisogeza vitini. Basi nikalisema kwa sauti, neno la Kipolandi la treni, kwa lafudhi yangu ya Kisauni, "Pochonk," na ukumbi mzima ukasikia sauti ya mwanamke ikitoka gizani.

Akalipokea na kuendelea kana kwamba ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Nilipata nguvu, na hapo ndipo nilipoharibu. Mbele kidogo alinyamaza tena, nami kwa hofu nikamrushia neno la nne. Kumbe hakuwa amesahau. Ule ulikuwa ukimya wa mchezo wenyewe, mzee anasikiliza reli. Watu wakashtuka. Yeye akanigeukia polepole, akasema jambo ambalo baadaye nilielezwa kuwa ni hili: "Subiri, mama, bado haijafika." Ukumbi ukacheka, naye akarudi kusikiliza reli yake, na kicheko kikazimika chenyewe. Mwisho wa mchezo walisimama wote kumpigia makofi.

Lakini Mwenyekiti alikuja nyuma ya jukwaa uso umekunjamana, Daktari Halina nyuma yake. "Nani aliyekuwa akipiga kelele huku?" akaniuliza mimi, kwa Kiingereza. "Unajua mzee huyu ni nani kwetu? Nani alikuruhusu kumkatiza?"

Utepe ulikuwa ngumini mwangu. Niliwaza ikama yangu, nikamwaza Madam. Nikawa tayari kusema kwamba nimechanganyikiwa, basi yaishe. Na Bwana Tadeusz angeweza kuliacha hivyo. Fundi wa kushona aliyepagawa nyuma ya pazia, kosa dogo, na siri yake ingebaki salama. Alinitazama, akautazama mkono wangu uliofumbwa, akajibu kwa Kiingereza badala ya Kipolandi, nadhani ili nami nisikie.

"Huyu ni sufla wangu. Nasahau maneno. Yeye ndiye anayenikumbusha, na leo bila yeye mngemwona mzee amesimama tu. Jina lake muliandike kwenye karatasi ya mchezo, chini ya langu."

Daktari Halina akakaa juu ya sanduku la nguo. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya koti."

Akanigeukia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, Daktari." Nikafumbua ngumi, nikamwonyesha vile vipande na mapindo ya koti.

"Ukamshonea humo."

"Nilimshonea. Na leo asubuhi nikavuta bandi mwenyewe. Kosa ni langu."

Hakusema nami njia nzima ya kurudi Riyadh, na wiki mbili hakunipigia simu. Nilidhani nimewapoteza wote wawili, nikawa nalia juu ya vitambaa vya watu. Madam alipoona gauni la bibi harusi lina matone, aliniuliza, nikamweleza lote. Aliposikia kwamba nilivuta bandi kwa mazoea, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho, akasema, "Mimi ndiye niliyekufunza. Nitaongea na daktari."

Sijui waliongea nini. Alhamisi iliyofuata Daktari alinijia dukani mwenyewe. "Nina hasira na wewe bado," akaniambia. "Nimemwekea kiti cha sufla kando ya jukwaa, na taa ndogo. Utakaa pale, na mimi nikuone nikiwa safu ya mbele." Hicho ndicho kilikuwa cheo changu cha tatu na cha mwisho.

Sufla ni mkumbushaji. Kwao Poland huketi ndani ya shimo mbele ya jukwaa, kichwa tu kikichungulia, na Bwana Tadeusz alisema mwigizaji anaweza kumkosea mkurugenzi lakini si sufla. Alinifunza kazi hiyo miaka miwili. Hutoi sentensi, unatoa silabi ya kwanza tu, maana mwigizaji akipewa zaidi anahisi ameibiwa. Hutazami midomo, unatazama kifua. Aliyenyamaza kwa makusudi bado anapumua kwa utulivu, aliyepotea huzuia pumzi. Nilifuata kifua chake mchezo baada ya mchezo, na mwaka wa mwisho silabi zilikuwa nyingi, na watu wa kampaundi walishazoea kutusikia wawili. Wengine walisema wanapenda hivyo zaidi.

Sasa nimerudi Kisauni, macho yamechoka, nafundisha wasichana kushona barazani. Huja kuniuliza kama waende Uarabuni. Siwadanganyi. Wapo wenzangu waliorudi na makovu, na wapo waliorudi ndani ya sanduku, na bahati yangu mimi si ahadi kwa mtu mwingine. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba niliondoka na kazi moja nikarudi na tatu, na kwamba kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kukaa kimya karibu na mtu, nikiwa tayari. Wanadhani hiyo siyo kazi. Sibishani nao, nawaambia watoe bandi.

Mkataba wa Daktari ulipokwisha, niliwasindikiza uwanja wa ndege wa Riyadh. Koti Bwana Tadeusz alikuwa amelibeba mkononi, hakutaka liingie kwenye mizigo. Tangu Jeddah aliniita Pani, ambalo ni neno lao la kumheshimu mwanamke, kisha jina langu. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Pani..." akanyamaza. Daktari akajifanya anatafuta pasipoti. Mimi nikamtazama kifuani, na pumzi ilikuwa imesimama.

"Zu," nikamwambia.

"Zuhura," akasema. Akarudia, "Pani Zuhura," kwa ile sauti yake ya jukwaani, mpaka watu wa foleni ya pili wakageuka.